Filamu zetu zinaharibikia mdomoni

Siku hizi si ajabu kuwakuta wanafunzi wakipiga filamu katika uwanja wa chuo. Telefoni ya kawaida inatoa picha safi, programu za kuunganisha picha zinapatikana bila malipo, na waigizaji ni marafiki wasioomba mshahara. Filamu hizi tunaziita huru kwa sababu hakuna kampuni wala televisheni inayozigharamia. Fedha ni za vijana wenyewe. Tunazionyesha katika kumbi zetu na tunapiga makofi kwa uzuri wa picha. Kisha mwigizaji anafungua mdomo, na ukumbi unacheka mahali ambapo mtu amefiwa.

Kicheko hicho kinastahili kuchunguzwa na watu wa lugha. Watazamaji hawacheki kwa ubaya. Wanacheka kwa sababu wamemwona mtu wa mtaa wao, amevaa kama wao, ameketi kwenye kiti cha plastiki kama chao, lakini anasema maneno ambayo hakuna mtu wa mtaa huo angeyasema. Maoni yangu ni kwamba tatizo la kwanza la filamu huru ya hapa kwetu ni maneno: yanavyoandikwa, yanavyosemwa, yanavyorekodiwa na yanavyotafsiriwa. Vijana wanalia juu ya kamera, kumbe kamera wanayo. Na kwa kuwa tatizo ni la lugha, fakilte yetu haiwezi kuketi pembeni kama mtazamaji.

Tuanze pale ambapo ugonjwa unaanza, yaani kwenye karatasi. Senario nyingi za vijana wetu zinaandikwa kwa Kifaransa. Sababu zinajulikana. Tangu darasa la tatu au la nne la shule ya msingi, mkono wetu umezoea kuandika kwa Kifaransa, na mashindano na mifuko ya msaada inaomba faili kwa Kifaransa. Siku ya kupiga filamu inapofika, mwongozaji anamwambia mwigizaji: sasa sema kwa Kiswahili. Mwigizaji anatafsiri kichwani huku kamera inazunguka. Ndipo tunasikia kijana wa Katuba akimwambia mama yake: «Mama, ninapaswa kukuambia kitu fulani kilicho cha maana sana kwangu.» Maneno yote ni ya Kiswahili, lakini mifupa ni ya Kifaransa. Kijana wa kweli angeingia, angesalimu, angeuliza kama bukari imebaki, angekaa kimya kidogo, halafu angesema: «Mama, niko na neno.» Mama angeacha kila kitu alichokuwa akifanya. Maneno manne yanatosha, na ule ukimya kabla yake ndio unaomtisha mtazamaji.

Wengine wamekwisha kuona hatari hiyo, na katika kuikimbia wanaangukia kwenye kalibu nyingine mbili. Ya kwanza ni ya kitabu. Mwandishi anatafuta Kiswahili sanifu cha darasani na kukitia katika kinywa cha kila mtu, hata cha mchimbaji aliyelala shimoni siku tatu. Ya pili ni kalibu ya Dar es Salaam. Wengi wetu tumekua tukitazama filamu za Tanzania, hasa za Steven Kanumba aliyefariki mwaka 2012, na tunafikiri mapenzi, ugomvi na mzaha wa kwenye sinema lazima visemwe kwa lafudhi ya Bongo. Filamu hizo zilitupa furaha, na waigizaji wake walikuwa wakisema lugha ya mitaa yao. Kama tunataka kuwaiga, tuige hilo.

Mimi natetea kanuni moja: kila mhusika aseme Kiswahili chake. Katiba ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, pamoja na Kifaransa kama lugha ya utawala. Haisemi ni Kiswahili gani. Lubumbashi tunasema «batoto banaenda ku masomo». Bukavu na Goma mtu anasema «minaenda» bila kufikiri mara mbili. Kisangani, Kiswahili na Kilingala vinapokezana katika sentensi moja. Na mtu mmoja hana Kiswahili kimoja. Mchukueni karani wa ofisi: na mkubwa wake anasema Kifaransa, kanisani anaomba kwa Kiswahili cha Biblia, nyumbani anagombeza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na akimpigia simu bibi yake kijijini anarudi katika Kibemba au Kiluba. Mwongozaji anayejua hayo anaweza kuonyesha woga, cheo, uongo na upendo bila kutumia hata franka moja. Karani yule akianza kumjibu mkewe kwa Kifaransa, tayari tumejua kuwa kuna kitu anaficha.

Kwa hiyo Kiswahili sanifu hakifukuzwi. Kinapewa mahali pake: mhubiri, mtangazaji wa redio, mwalimu, mgeni aliyetoka Dodoma, kijana anayetaka kuonekana amesoma. Mahali pengine kitachekesha, na mwandishi mwenye akili atakitumia kuchekesha kwa makusudi.

Wazo hili lina wazee wake. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa kabla ya kuwa mtu wa sinema. Aliingia katika sinema kwa sababu aliona kuwa watu aliowaandikia hawawezi kusoma vitabu vyake. Filamu yake ndefu ya kwanza, La Noire de..., ya mwaka 1966, inasemwa kwa Kifaransa. Miaka miwili baadaye alitoa Mandabi, iliyotokana na hadithi aliyokuwa ameiandika mwenyewe kwa Kifaransa, na humo watu wanasema Kiwolof. Kwa kuwa sehemu ya fedha ilitoka Ufaransa, ilibidi apige pia toleo la Kifaransa. Filamu iliyobaki katika kumbukumbu ya ulimwengu ni ile ya Kiwolof. Mwandishi aliyemudu Kifaransa kiasi hicho aliona kuwa mzee Ibrahima Dieng, anayezunguka ofisini kwa ofisini na hati ya fedha asiyoweza kuisoma, hawezi kuwa na mdomo wa Kifaransa. Hadithi yote ingevunjika, maana balaa lake linatokana na lugha ya karatasi asizozijua.

Hapa Lubumbashi hatuhitaji kwenda Dakar kutafuta mfano. Mwaka 1986 kundi la mchezo la Mufwankolo lilitengeneza mchezo wa televisheni kutokana na msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuata kazi hiyo kwa karibu, akarekodi mazungumzo na mazoezi, na mwaka 1990 akatoa kitabu juu yake. Jambo linalotuhusu ni namna walivyofanya kazi. Waigizaji hawakupewa karatasi za maneno ya kukariri. Walianza kwa kubishana juu ya maana ya msemo wenyewe, wakapanga matukio, wakagawana nafasi, kisha wakayatafuta maneno kwa kuyasema, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa Kiswahili cha mji huu. Wazee hao walikuwa na ufundi ambao sisi wenye senario za kurasa tisini hatuna.

Na katika sinema ya leo, Dieudo Hamadi, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984 na kuanza na masomo ya utabibu, ameijenga kazi yake juu ya kusikiliza. Katika Examen d'État ya mwaka 2014 anawafuata wanafunzi wa Kisangani wanaofukuzwa darasani kwa kukosa fedha, wanaokodi nyumba na kujiandaa wenyewe kwa mtihani wa taifa. Katika Maman Colonelle ya mwaka 2017 anamfuata ofisa wa polisi, Honorine Munyole, anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Watu wanaachwa waseme jinsi wanavyosema, wakichanganya lugha jinsi wanavyochanganya. Filamu yake juu ya wahanga wa vita vya siku sita vya Kisangani, En route pour le milliard, iliteuliwa katika orodha rasmi ya Cannes mwaka 2020. Naye Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipopiga Augure, iliyopewa tuzo Cannes mwaka 2023, aliacha Kiswahili kisikike pamoja na Kilingala na Kifaransa. Hakuna aliyewafungia mlango kwa sababu ya lugha zetu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana kusifu lugha bila kuonyesha njia ni kazi ya sherehe. Kwa kijana anayetaka kupiga filamu ya dakika kumi na tano, nashauri afuate njia ya wazee wa Mufwankolo, akiongeza kalamu mwishoni. Andika matukio kwa ufupi, bila maneno ya wahusika: nani anaingia, anataka nini, nani anamzuia. Waite waigizaji, waeleze tukio, kisha waache walicheze kwa maneno yao huku telefoni ikirekodi sauti tu. Rudia mara tatu. Rudi nyumbani, sikiliza, na uandike yote uliyoyasikia jinsi yalivyosemwa. Hapa mwanafunzi wa isimu tayari anajua kazi, kwani ndiyo anayofanya akikusanya data. Kisha kata. Watu wakicheza bila karatasi husema mno. Katika sentensi kumi utakuta mbili zinazobeba tukio. Kwa desturi ya sinema, ukurasa mmoja wa senario ni karibu dakika moja ya filamu. Filamu ya dakika kumi na tano yenye kurasa thelathini imekwisha kushindwa kabla ya kuanza.

Baada ya kukata, somea waigizaji kwa sauti. Mwigizaji akikwama kwenye neno, usimlaumu, lichunguze neno. Mama wa miaka sitini akikuambia «mimi siwezi kumwita shemeji yangu hivyo», amekufundisha jambo la heshima na undugu ambalo halimo katika kamusi yoyote. Badilisha neno.

Pia kumbuka kuwa kusema ni kutenda. Tazama Le Damier ya Balufu Bakupa-Kanyinda, ya mwaka 1996. Ni picha nyeusi na nyeupe, usiku mmoja: rais asiyepata usingizi anacheza dama na bingwa wa mtaani. Lakini bingwa hawezi kucheza vizuri bila kumtukana mpinzani wake, kwa kuwa ndiyo desturi ya mchezo huo mtaani, na mpinzani wake usiku huu ndiye rais. Gharama ya tukio hilo ni ubao wa dama na watu wachache. Hatari yote imo katika matusi, na kila tusi linalotamkwa linaweza kumgharimu mtu maisha yake. Kijana anayelia kuwa hana fedha za magari na milipuko aitazame, kisha aulize: katika lugha yangu, ni wapi neno moja linaweza kuvunja nyumba? Matanga, mahari, deni la dukani, baraza la ukoo linapogawa lupango la marehemu. Huko ndiko kwenye filamu.

Maneno mazuri yasiposikika ni bure, kwa hiyo sauti ije kabla ya picha. Mtazamaji husamehe picha yenye giza. Sauti mbaya humtoa ukumbini. Kosa la kawaida ni kutegemea mikro ya telefoni ile ile inayopiga picha, ikiwa mita nne kutoka kwa msemaji. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayofika inashuka hadi robo, lakini jenereta ya jirani haipungui. Dawa ni rahisi: telefoni ya pili, ikiwa katika hali ya ndege ili isiite, ifichwe katika mfuko wa shati la mwigizaji au nyuma ya chungu mezani, irekodi sauti peke yake. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, ili baadaye ulinganishe kofi la picha na kofi la sauti. Mtu mmoja avae visikilizio na apewe haki ya kusema «tunarudia». Zima friji. Usipige tukio la mazungumzo chini ya mabati msimu wa mvua, isipokuwa mvua imo katika hadithi. Na kabla ya kuondoka mahali, wote wanyamaze dakika moja mrekodi ukimya wa hapo, maana kila chumba kina ukimya wake, nao utahitajika kuziba mashimo wakati wa kuunganisha.

Baadaye inakuja tafsiri ya chini ya picha, na hapa fakilte yetu inatakiwa zaidi kuliko mahali popote. Vijana wengi huiacha hadi usiku wa mwisho na kuipa programu ya kutafsiri, ambayo haijawahi kukaa Kamalondo. Tafsiri hiyo ina sheria zake: mistari miwili tu, kila mmoja herufi karibu arobaini, na kwa kawaida haizidi sekunde sita kwenye picha. Watu husema haraka kuliko wanavyosoma, kwa hiyo mtafsiri analazimika kukata bila kuua. Chukua sentensi hii ya Lubumbashi: «Shi ulisema utakuya?» Programu itatafuta «shi» na kukosa, au itaandika swali baridi juu ya kuja. Lakini msemaji haulizi chochote, analaumu. Kwa Kifaransa ningeandika «Tu avais promis». Kuja kumepotea, lawama imebaki, na lawama ndiyo tukio. Kuamua hivyo mara mia tatu katika filamu moja ni kazi ya mtu aliyesoma lugha, na ni kazi inayolipwa mahali pengine duniani.

Najua yatakayosemwa. Mwalimu mmoja atasema kuwa Kiswahili cha Lubumbashi ni kibovu na kwamba filamu zitawafundisha watoto makosa. Namheshimu, lakini simwungi mkono. Kufundisha sanifu ni kazi ya darasa, na ifanyike vizuri zaidi kuliko sasa. Filamu inaonyesha watu. Zaidi ya hayo, Edgar Polomé aliandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi tangu miaka ya 1960, na Fabian ameandika juu yake vitabu. Wageni wamekiona kuwa kina mpango na kanuni. Itakuwaje sisi tunaokisema tuwe wa kwanza kukionea haya?

Mwingine atasema filamu hiyo haitaeleweka Kinshasa wala Dar es Salaam. Viva Riva! ya Djo Tunda wa Munga, ya mwaka 2010, inasemwa kwa Kilingala na Kifaransa, na imetembea nchi nyingi ambazo hazijui Kilingala. Ilitembea kwa tafsiri ya chini ya picha. Wa tatu atasema wafadhili wanataka Kifaransa. Wapewe Kifaransa: maelezo ya matukio yaandikwe kwa Kifaransa, na maneno ya wahusika yaandikwe kwa Kiswahili, na tafsiri kando yake. Msomaji wa faili atajua kuwa mwandishi huyu anawajua watu wake.

Namalizia na maombi matatu kwa walimu wetu na kwa wenzangu. La kwanza, mwanafunzi aruhusiwe kutoa kama kazi ya kumaliza masomo senario ya Kiswahili au tafsiri kamili ya filamu, ikifuatana na maelezo ya kiisimu juu ya chaguzi zake. Uzito wake haupungui mbele ya kurasa hamsini juu ya viambishi. La pili, mara moja kwa mwezi chumba kimoja kifunguliwe kwa ajili ya kusoma senario kwa sauti, wanafunzi wa lugha pamoja na vijana wa sinema na wa michezo ya kuigiza kutoka mjini, hata wasiosoma chuo. La tatu, kila filamu inayoonyeshwa hapa iachie nakala mbili katika maktaba, kwenye diski mbili tofauti, pamoja na maandishi ya maneno yake. Michezo mingi ya redio ya wazazi wetu imepotea kwa sababu kanda zilifutwa ili zitumike tena. Kiswahili kinachosemwa leo Katuba, Kadutu na Birere hakitasemwa hivyo baada ya miaka thelathini, na asiyekirekodi sasa hatakipata tena.

Diski mbili, chumba kimoja na saa chache za mwalimu: hiyo ndiyo gharama yote ninayoiomba. Vijana wa kamera wako nje ya mlango wetu tayari, wanatafuta mtu wa kuwasaidia kuandika. Tuwaite waingie kabla ya mwaka wa masomo kwisha.